Polisi shuleni Marekani: maswali ambayo wazazi huuliza kila mara

Haya ni maswali ambayo wazazi wanaozungumza Kiswahili, wenye watoto katika shule za umma Marekani, huuliza tena na tena: kwenye vikao vya shule, kwenye makundi ya WhatsApp, na zaidi kwenye korido baada ya kikao, mkalimani anapovutwa pembeni. Nimekuwa mkalimani huyo kwa miaka kadhaa. Sheria za majimbo hutofautiana. Jimbo likitajwa kwa jina, jua kwamba jambo hilo ni la jimbo hilo. Mtoto akishakamatwa, tafuta wakili. Ukurasa huu hauwezi kusimama mbele ya hakimu.

## Askari wa getini

1. Yule askari mwenye bastola ninayemwona shuleni kila asubuhi ni nani hasa?

Mara nyingi ni polisi kamili wa mji, au naibu wa sherifu, aliyepangwa kulinda shule. Watoto humtaja kwa herufi tatu, SRO, yaani School Resource Officer. Ana kiapo, silaha, pingu na mamlaka ya kukamata kama polisi yeyote wa barabarani, ila doria yake ni korido na ukumbi wa chakula. Mpango wa aina hii ulianzia Flint, Michigan, miaka ya 1950, ukasambaa polepole. Baada ya mauaji ya sekondari ya Columbine, Colorado, tarehe 20 Aprili 1999, serikali kuu ikamwaga fedha za kuajiri polisi wa shule, na tangu hapo wakawa jambo la kawaida.

Si kila mwenye sare ni polisi. Kuna walinzi walioajiriwa na shule, ambao hawana mamlaka ya polisi. New York ina maofisa wa usalama wasiobeba bunduki lakini walio chini ya idara ya polisi ya jiji. Texas, wilaya nyingi za shule zina idara zake zenyewe za polisi. Kwa hiyo siku ya kwanza muulize bila haya: "Umeajiriwa na shule au na polisi?" Majibu mengi hapa chini yanategemea jibu lake.

2. Mbona mwanangu anasema askari huyo ni rafiki yao, hucheza nao mpira wa kikapu?

Ni kweli, na si lazima uwe mtego. Chama chao cha kitaifa, NASRO, kilichoanzishwa 1991, hufundisha kwamba polisi wa shule ana kazi tatu: kulinda sheria, kufundisha na kulea. Wapo wanaofanya hiyo ya tatu kwa moyo wote.

Ila mtoto aelewe jambo moja. Akimweleza siri mshauri wa shule au daktari, kuna kanuni za kuitunza siri hiyo, hata kama zina mipaka yake. Akimweleza askari, hata kama wamekaa benchi moja wakinywa maji baada ya mchezo, alichosema kinaweza kuandikwa kwenye ripoti. Urafiki upo, sare haivuliwi.

3. Kosa la shule na kosa la jinai vinatofautianaje?

Hili ndilo swali la kujifunza kabla ya mengine yote. Kosa la shule ni la mkuu wa shule, na huishia kwenye onyo, kubakishwa baada ya masomo, kusimamishwa siku kadhaa au kufukuzwa. Kosa la jinai ni la polisi, mwendesha mashtaka na mahakama ya watoto. Tabu ni kwamba tendo lile lile linaweza kuwekwa upande wowote. Watoto wawili wakisukumana kwenye foleni, mwalimu ataandika "ugomvi". Askari akiwa karibu, anaweza kuandika "shambulio". Kalamu iliyotangulia ndiyo hupanga njia.

Mwaka wa masomo wa 2017–18 wizara ya elimu ya Marekani ilihesabu wanafunzi karibu 230,000 waliofikishwa kwa vyombo vya dola, na zaidi ya 50,000 waliokamatwa kwa mambo ya shuleni. Wanafunzi weusi walikuwa asilimia 15 ya walioandikishwa, lakini karibu asilimia 29 ya waliofikishwa polisi. Nyumbani mnaweza kujiita Wakongo, Wakenya au Wabajuni. Kwenye jedwali hilo watoto wenu wamo kwenye safu moja.

Njia hizo mbili zinaweza kwenda pamoja. Mtoto anaweza kufutiwa kesi mahakamani na bado akafukuzwa shule. Kwa bunduki karibu hakuna mjadala: sheria ya serikali kuu ya 1994 inayataka majimbo yanayopokea fedha zake za elimu kumfukuza kwa mwaka usiopungua mmoja mwanafunzi aliyeleta bunduki, na kumfikisha kwenye vyombo vya sheria. Mkuu wa wilaya ya shule peke yake ndiye anayeweza kulegeza adhabu hiyo, kesi kwa kesi.

Wilaya nyingi zina hati ya makubaliano kati ya shule na polisi. Iombe. Iliyoandikwa vizuri hutaja wazi mambo ambayo askari hayaingilii: uchelewaji, matusi, kubishana na mwalimu, ugomvi mdogo. Kama wilaya yenu haina hati, au inayo ya kurasa mbili zisizosema lolote, hilo ni jambo la kupeleka kwenye bodi ya shule.

## Upekuzi

4. Wanaweza kufungua begi la mtoto bila kibali cha hakimu?

Ndiyo, wakiwa na sababu ya msingi ya kumshuku. Kanuni hii ilitokana na mkoba wa msichana mmoja. Mwaka 1980, katika sekondari moja ya New Jersey, mwalimu aliwakuta wasichana wawili wakivuta sigara chooni. Mmoja akakiri. Wa pili, wa miaka 14, akasema hajawahi kuvuta. Naibu mkuu wa shule akaufungua mkoba wake: pakiti ya sigara, na pamoja nayo karatasi za kusokotea. Hizo karatasi zikamfanya achimbe zaidi. Akatoa bangi kidogo, kiko, vifuko vitupu vya plastiki, rundo la noti za dola moja moja, na kadi yenye majina ya wanafunzi aliokuwa anawadai.

Mwaka 1985, katika kesi ya New Jersey dhidi ya T.L.O., Mahakama ya Juu ilisema mambo mawili. Katiba inamlinda mwanafunzi hata akiwa shuleni. Lakini shule haihitaji kibali cha hakimu; inatosha iwe na shaka yenye msingi, na upekuzi usizidi kile kinachotafutwa. Anayetafuta simu iliyoibwa hana sababu ya kusoma barua.

Je, askari naye? Polisi wa nje kwa kawaida anahitaji sababu nzito zaidi. Ila mahakama nyingi humhesabu askari wa shule kama mtumishi wa shule anapofanya kazi na mkuu wa shule, kwa hiyo kiwango chake hushuka. Ndiyo maana swali la 1 lina uzito.

Mtoto aseme kwa adabu, "Sikubali kupekuliwa," kisha asizuie. Asivutane na begi. Maneno yale yatamsaidia wakili baadaye. Mkono ukimgusa askari, kesi nyingine imezaliwa.

5. Na kabati lake, gari lake, simu yake?

Kabati huhesabiwa kuwa mali ya shule katika sehemu nyingi, na fomu mliyosaini mwanzoni mwa mwaka labda inasema hivyo. Gari lililoegeshwa uwanjani kwa shule huangukia kanuni ya swali la 4.

Simu ni habari nyingine. Tangu 2014 Mahakama ya Juu inawataka polisi kuwa na kibali cha hakimu ili kupekua simu ya mtu waliyemkamata. Shule inaweza kuichukua simu kwa sababu imetumika darasani. Kuichukua si ruhusa ya kusoma ujumbe wote uliomo. Mtoto hana wajibu wa kukubali kuifungua, na akiifungua mwenyewe kwa hiari, ulinzi wake umepungua sana.

6. Mbwa wa kunusa wakiletwa?

Kunusa makabati na magari matupu mahakama nyingi haziuhesabu kuwa upekuzi. Kumnusa mtoto mwilini, mahakama za rufaa zimetofautiana. Mbwa hukosea pia. Akikaa mbele ya begi ni sababu ya kulifungua begi, si ushahidi kwamba ndani yake mna kitu. Wazazi Waislamu huuliza kuhusu mbwa kumgusa mtoto: andikeni barua shuleni mapema, msisubiri siku yenyewe.

7. Wanaweza kumvua nguo?

Kesi ilifika Mahakama ya Juu kutoka Safford, Arizona. Msichana wa miaka 13 alilazimishwa kufunua nguo za ndani kwa sababu mwenzake alisema amempa vidonge. Vilivyokuwa vinatafutwa ni vidonge vya ibuprofeni, dawa ya maumivu. Hawakupata chochote. Mwaka 2009 Mahakama ikasema upekuzi ule ulivunja katiba: dawa yenyewe haikuwa ya kutisha kiasi hicho, na hapakuwa na sababu ya kuamini kwamba ameificha mwilini. Mtoto wako akiambiwa avue nguo, akatae kwa maneno, aombe mzazi, akumbuke majina ya waliokuwepo.

8. Shule imesema binti yangu apimwe mkojo ndipo aimbe kwaya. Ni halali?

Inaweza kuwa halali. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu iliruhusu kupima wanamichezo, katika kesi ya mji wa Vernonia, Oregon. Mwaka 2002, kesi ya Tecumseh, Oklahoma, ikapanua hadi shughuli zote za ushindani nje ya masomo, kwaya ikiwemo. Haijawahi kuruhusu kupima watoto wote kwa sababu tu wanasoma hapo.

Katika mpango wa Tecumseh matokeo hayakupelekwa polisi. Adhabu ilikuwa kutolewa kwenye shughuli. Soma fomu ya shule yenu uone kama ahadi hiyo imo. Kwa maoni yangu haifai kumpima mwanakwaya, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho hakiungi mkono upimaji wa kubahatisha shuleni. Ila halali ni halali.

## Dawa za kulevya

9. Polisi wanaogopa dawa gani zaidi siku hizi?

Fentanili, dawa kali mno ya maumivu ya jamii ya afyuni, na wana haki ya kuiogopa. Inakuja ndani ya vidonge bandia vilivyogandamizwa vifanane na dawa za hospitali. Maarufu ni vya buluu vyenye M upande mmoja na 30 upande wa pili. Miligramu 2, chembe zisizojaza ncha ya penseli, huhesabiwa kuwa zinaweza kuua. Vidonge bandia ambavyo DEA, shirika la serikali kuu la kupambana na dawa za kulevya, lilivipima mwaka 2023, saba kati ya kumi vilikuwa na kiasi hicho au zaidi; 2024 vilikuwa vitano kati ya kumi.

Kinachowachanganya wazazi ni hiki: vifo vya vijana wa miaka 10 hadi 19 kwa dawa kupita kiasi viliongezeka zaidi ya maradufu kati ya mwisho wa 2019 na mwisho wa 2021, ilhali idadi ya vijana wanaotumia dawa haikuwa inapanda. Dawa yenyewe ndiyo iliyobadilika. Kwa hiyo mzazi anayengoja kuona dalili za ulevi, macho mekundu au mtoto kukonda, anaweza asizione kamwe. Kidonge kimoja, kilichonunuliwa kwa mtu wa mtandaoni ili apate usingizi kabla ya mtihani, kinatosha.

Kuna dawa ya kumrudisha mtu pumzi, naloksoni, ya kupuliza puani. Tangu Machi 2023 imeruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari. Uliza kama shule yenu inayo, iko kabati gani, na nani ana ufunguo. Kisha weka moja nyumbani.

10. Amekamatwa na vepu, sigara ya umeme, chooni. Hii nayo ni ya polisi?

Inategemea kilichomo. Ikiwa ni nikotini, kwa kawaida ni kosa la shule, ingawa umri halali wa kununua tumbaku na vepu nchi nzima ni miaka 21 tangu Desemba 2019. Ikiwa ni mafuta ya bangi, mambo hubadilika. Texas, kiasi chochote cha mafuta hayo ni kosa kubwa la jinai, hata kama kingekuwa tone kwenye kifaa kidogo kama kalamu. Vyoo vingi sasa vina kihisi cha moshi wa vepu darini, na mtoto hukutwa kabla hajautoa wote puani.

Tatizo la kawaida: "Si yangu, nimemshikia mwenzangu tu." Kushika ndiko kunakoshtakiwa.

11. Bangi ni halali jimboni kwetu. Kwa nini mtoto wangu ameshtakiwa?

Ni halali kwa mtu mzima wa miaka 21, si kwa mtoto, na si kwenye eneo la shule hata kwa mtu mzima. Mzazi anayemchukua mtoto akiwa na bangi garini ajue hilo. Kama familia haijapata uraia, soma pia swali la 21.

12. Nimesikia kuna duara kuzunguka shule ambamo adhabu huongezwa. Ni kweli?

Ni kweli. Sheria ya serikali kuu huongeza maradufu adhabu ya juu kabisa kwa anayeuza dawa ndani ya futi 1,000 za shule, karibu mita 300, na majimbo mengi yana duara zake. Shule iwe imefungwa, iwe usiku wa manane likizoni, duara lipo.

Lengo lilikuwa kuwafukuza wauzaji langoni. Lakini mjini shule ziko kila mtaa, na duara hukutana mpaka jiji zima likawa eneo la shule. Muuzaji haoni faida ya kusogea, kwa sababu hakuna pa kusogea. Shambani, kosa lile lile halina nyongeza. New Jersey walipochunguza, waligundua kuwa asilimia 96 ya waliofungwa chini ya sheria yao ya duara walikuwa weusi au wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mwaka 2010 wakawapa mahakimu uhuru wa kulegeza. Adhabu iliyo kila mahali hailindi mahali popote.

13. Askari aliyekuja darasani kufundisha madhara ya dawa, masomo yale yanasaidia?

Mpango mashuhuri zaidi ni D.A.R.E., ulioanzishwa 1983 na polisi wa Los Angeles pamoja na wilaya ya shule ya jiji hilo. Askari mwenye sare alifundisha masomo 17 kwa watoto wa miaka kumi hivi. Walisaini ahadi, wakapewa fulana. Wazazi waliupenda, walimu waliupenda, wanasiasa waliupenda zaidi.

Watafiti walipolinganisha waliosoma na wasiosoma, hawakuona tofauti ya maana katika kutumia dawa. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilirudia hivyo 2003. Mwaka 2009 mpango ukabadilisha mtaala: vitisho vikapungua, mazoezi ya kukataa na kuamua yakaongezeka. Mtoto wako akipewa masomo hayo, hakuna ubaya. Usiyahesabu kuwa kinga.

## Fujo, silaha na vitisho

14. Askari mwenye bunduki huzuia mashambulizi ya risasi?

Tungependa jibu liwe ndiyo. Columbine palikuwa na askari wa shule. Alirushiana risasi na mmoja wa washambuliaji, na bado wanafunzi 12 na mwalimu mmoja waliuawa siku ile. Parkland, Florida, 14 Februari 2018, askari wa shule alibaki nje, 17 walikufa. Alishtakiwa, na 2023 baraza la mahakama likamwona hana hatia. Uvalde, Texas, 24 Mei 2022, karibu maofisa 400 wa vyombo mbalimbali walifika, na dakika 77 zikapita kabla ya kumkabili muuaji. Watoto 19 na walimu wawili.

Tafiti zinasema polisi shuleni hupunguza ngumi na ugomvi kwa kiasi fulani. Hazijaonyesha kwamba hupunguza risasi. Na pamoja na kupungua kwa ngumi huja ongezeko la kusimamishwa, kufukuzwa na kukamatwa. Hata hivyo kuwaondoa si rahisi kama kupiga kura: Denver iliamua kuwaondoa 2020, na Machi 2023, baada ya mwanafunzi kuwapiga risasi wasimamizi wawili wa sekondari moja, ikawarudisha. Mzazi anayetaka askari hapo si mjinga, wala anayemkataa si adui wa polisi.

Kwa kutuliza moyo kidogo: watoto na vijana wanaouawa Marekani, chini ya asilimia 3 huuawa shuleni.

15. Basi kinachozuia ni nini?

Mtu kusema. Mwaka 2002 Secret Service, shirika linalomlinda rais, na wizara ya elimu walichunguza mashambulizi 37 yaliyotokea kati ya 1974 na 2000. Katika asilimia 81, mtu mmoja au zaidi alijua kabla kwamba mshambuliaji anawaza au anapanga jambo, na mara nyingi aliyejua ni mtoto mwenzake. Mwaka 2021 Secret Service ikachapisha uchunguzi wa njama 67 zilizozimwa, na nyingi zilizimwa kwa sababu rafiki au mwanafunzi mwingine alitoa taarifa.

Ndiyo maana Colorado ina Safe2Tell, namba ya kutoa taarifa bila kujitaja iliyozaliwa baada ya Columbine, na Virginia tangu 2013 huzitaka shule zake za umma ziwe na timu ya kupima vitisho: mkuu wa shule, mshauri, mwanasaikolojia na polisi mezani pamoja, wakiuliza mtoto huyu anapitia nini, si tu amevunja sheria gani. Hapo ndipo polisi wa shule huwa na faida kubwa, kwa maoni yangu, kuliko langoni.

Na bunduki hutoka wapi? Nyumbani, mara nyingi. Secret Service ilipochunguza mashambulizi ya 2008 hadi 2017, bunduki nyingi, kama tatu kati ya nne, zilitoka kwa mzazi au ndugu wa karibu. Michigan, baada ya mauaji ya sekondari ya Oxford ya Novemba 2021, baba na mama wa kijana aliyeua walihukumiwa kila mmoja kifungo cha miaka 10 hadi 15. Ukiwa na bunduki, kufuli.

16. Aliandika kwa utani mtandaoni kwamba atalipua shule. Watamwelewa?

Hapana. Kitisho dhidi ya shule ni kosa kubwa la jinai katika majimbo mengi, na polisi hufika nyumbani usiku huo huo. Kutuma mbele kitisho cha mwingine ili "kuwaonya wenzangu" nako kumewaingiza watoto matatani. Akiona kitisho, akionyeshe kwa mtu mzima au kwenye namba ya taarifa, asikisambaze.

## Mwanao akiitwa ofisini

17. Lazima ajibu maswali ya askari?

Hapana. Mkuu wa shule anaweza kumuuliza peke yake bila kumsomea haki zake. Polisi akimuuliza katika hali ambayo mtoto hajisikii huru kuondoka, lazima amsomee haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Mwaka 2011, katika kesi ya mvulana wa miaka 13 wa North Carolina aliyetolewa darasani na kuhojiwa kwenye chumba kilichofungwa mlango, Mahakama ya Juu ilisema umri wa mtoto lazima uzingatiwe katika kuamua kama alijiona huru.

Mfundishe sentensi mbili kwa Kiingereza, azikariri kama anwani ya nyumbani: naomba mzazi wangu, naomba wakili. Na mfundishe kutodanganya. Kunyamaza ni haki. Uongo ni kosa jipya.

Kuna jambo ambalo kitabu cha sheria hakilitaji. Watoto wetu tumewalea kuinamisha macho mbele ya mkubwa na kuitikia. Niliwahi kukaa kwenye chumba kimoja, mtoto wa miaka 13, mikono mapajani, macho sakafuni, kila anachoulizwa anajibu "ndiyo, bwana". Je, ulijua vidonge vilikuwa ndani? Ndiyo, bwana. Nilipomuuliza kwa Kiswahili umeulizwa nini, akasema hajui, ila askari alikuwa anasema kwa ukali. Heshima ile ilikuwa imeandikwa kwenye ripoti kama kukiri. Baba yake naye alikuwa ameshasaini karatasi aliyodhani ni ya mahudhurio. Ilikuwa ya kuachilia haki ya kunyamaza.

18. Hawatakiwi kuniita kwanza?

Katiba ya Marekani haiwalazimishi. Baadhi ya majimbo na wilaya hulazimisha, mengine hayana kanuni yoyote. Andika barua kwa mkuu wa shule, uiweke kwenye faili la mtoto: sitaki mwanangu ahojiwe na polisi bila mimi au wakili. Barua hiyo si sheria, lakini humfanya askari asite.

19. Kiingereza changu ni kidogo. Nitaelewaje kikao?

Una haki ya mkalimani, bure. Inatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na shule inayopokea fedha za serikali kuu haiwezi kukwepa. Mkalimani si mtoto wako, wala dada yake wa kidato cha juu, wala mfagizi anayetokea kujua Kiswahili. Ukiambiwa "tutaanza tu, tutakueleza baadaye", kataa kuanza. Usisaini kitu ambacho hakijasomwa kwako.

20. Amesimamishwa siku tano. Naweza kupinga? Na kama ana elimu maalumu?

Tangu kesi ya Goss dhidi ya Lopez, 1975, hata kusimamishwa kwa siku kumi au pungufu kunahitaji mtoto aelezwe kosa, aonyeshwe ushahidi akikana, na apewe nafasi ya kusema upande wake. Kwa muda mrefu zaidi, au kufukuzwa, kikao huwa rasmi zaidi na tarehe za rufaa ni fupi. Soma barua siku unayoipokea.

Mtoto mwenye mpango wa elimu maalumu akitolewa zaidi ya siku kumi, shule lazima ikae, ndani ya siku kumi za masomo, kuamua kama kosa limetokana na ulemavu wake. Kwa dawa za kulevya, silaha au kujeruhi vibaya, inaweza kumhamishia mahali pengine hadi siku 45 za masomo bila kujali jibu la kikao. Lakini elimu yake haikatiki.

21. Hatujapata uraia. Kosa hili litaharibu karatasi zetu?

Kwa kawaida uamuzi wa mahakama ya watoto hauhesabiwi kuwa hatia kwa sheria za uhamiaji. Hatari huja kwa njia nyingine tatu: kijana kushtakiwa kama mtu mzima, kukiri kwake kuuza dawa, maana kwa biashara ya dawa maofisa wa uhamiaji hawahitaji hatia ya mahakama, na rekodi kuonekana anapoomba uraia baadaye. Mwambie wakili wa mtoto siku ya kwanza kwamba kuna suala la uhamiaji. Wengi hawaulizi, na kukiri kosa dogo "ili yaishe" ndiko kunakozaa matatizo.

22. Nimekuta vidonge chini ya godoro la mwanangu. Nimpelekee askari wa shule?

Usivibebe kwenda shuleni. Ukivuka lango, wewe ndiye mwenye vidonge kwenye eneo la shule. Huna wajibu wa kumshtaki mtoto wako. Maduka mengi ya dawa na vituo vingi vya polisi vina sanduku la kutupia dawa lisilo na maswali, na daktari wa mtoto ndiye wa kumpigia simu kwanza. Kama unajua nani aliyemuuzia, na ni mtu anayeuzia watoto wengine, namba ya taarifa kama ile ya swali la 15, ikiwa jimbo lenu linayo, haitaki jina lako.

Ukimkuta hazinduki, midomo imegeuka rangi, anakoroma kama maji kooni: piga 911, puliza naloksoni puani, mlaze ubavu, ubaki naye. Karibu majimbo yote yana sheria inayomkinga kwa kiasi fulani anayeita msaada, asishtakiwe kwa kumiliki kiasi kidogo. Dozi ya kwanza isipomwamsha ndani ya dakika 2 au 3, puliza ya pili. Na hata akiamka akasema yuko sawa, mwache aende na gari la wagonjwa, kwa sababu fentanili inaweza kudumu mwilini kuliko dawa uliyompulizia.